Kompyuta inapoiagiza nyingine kazi, stakabadhi iko wapi?

MALI bila daftari huisha bila habari, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hawakutuambia la kufanya ikiwa daftari liko upande mmoja na kalamu iko upande mwingine, na kati yao hakuna ila waya.

Swali hilo lilinikuta Jumamosi moja jioni nilipobisha hodi kwa dada yangu, mtaani Buruburu, Nairobi, nikiwa na njaa na matumaini ya chai na mahamri. Mlango ulifunguliwa, lakini kabla sijaingiza mguu wa pili nilisikia ukelele.

"Shikamoo mjomba! Usiukanyage waya!"

"Marahaba," nilijibu, mguu mmoja ukiwa hewani kama korongo.

Waya wenyewe ulikuwa wa samawati, mrefu kiasi cha mita tatu, umetandazwa kutoka meza ya kulia chakula hadi kando ya kabati la vyombo. Mezani palikuwa na laptopu. Kando ya kabati palikuwa na kompyuta kuukuu ya mezani, ya mtumba, inayonguruma kama kinu cha kusagia mahindi. Mpwa wangu, aliye katika mwaka wake wa mwisho chuoni, alikuwa amekaa sakafuni katikati ya mashine hizo mbili, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Jumatatu ya wiki iliyofuata alitarajiwa kuionyesha kazi yake mbele ya walimu wake.

Kazi yenyewe ilikuwa daftari la chama cha mama yake. Dada yangu ndiye mweka hazina wa chama cha kina mama 24, na kila mmoja hutoa shilingi 500 kila wanapokutana. Mpwa wangu alitaka daftari likae katika ile kompyuta ya mezani, nyumbani, na karani wa chama aandike michango akitumia laptopu. Kila mchango ukiandikwa kwenye laptopu, laptopu iiagize kompyuta ya mezani: weka mchango huu. Nayo ijibu: nimeweka.

Nilidhani ni jambo la kuungwa kwa waya likaisha. Kumbe hapo ndipo mambo yanapoanzia.

Dada yangu hakuipenda shughuli hiyo tangu mwanzo, na alikuwa na sababu. Miaka kadhaa iliyopita kitabu chake kilionyesha shilingi 1,000 ambazo hazikuwemo mkobani. Alizilipa kutoka mfukoni mwake bila kuteta. Pesa hazikumuuma sana. Kilichomuuma ni kimya kilichoingia chumbani siku ile hesabu iliposomwa, na jinsi wenzake walivyoangalia sakafu. Tangu siku hiyo hutoa stakabadhi yenye nambari kwa kila senti, hata kama mtoaji ni jirani yake wa mlango kwa mlango.

"Mama, siku hizi hakuna anayeandika kwa mkono," binti yake alikuwa amemwambia asubuhi hiyo. Tangu hapo hawakuwa wamesemezana sana.

KUITA KAZI KWA JINA

Huku nikinywa chai ambayo hatimaye ilifika, nilimwomba mpwa wangu anieleze kama anavyomweleza mtoto wa darasa la nne. Alikubali.

Ukiwa nyumbani, alisema, unamwambia mtu "pika chai". Humwambii ateke maji, awashe jiko, asubiri yachemke, atie majani. Kazi hizo zote zimefungwa ndani ya jina moja. Mwandishi wa programu za kompyuta hufanya vivyo hivyo. Huzikusanya hatua kadhaa, huzipa jina, na kila azihitajipo huliita jina hilo. Mafungu hayo ya hatua huitwa prosija. Programu ikiita prosija husimama pale ilipo, prosija hufanya kazi yake, hurudisha jibu, na programu huendelea na safari.

Yote hayo hutendeka ndani ya kompyuta moja. Sasa iweje ikiwa kazi unayoiita iko ndani ya kompyuta nyingine, chumba cha pili au bara jingine? Hapo ndipo panapoingia mbinu ambayo wataalamu huitambua kwa herufi tatu, RPC, yaani kuita prosija iliyo mbali. Mwandishi huita jina lilelile kwa namna ileile, kana kwamba kazi iko karibu naye. Mitambo iliyofichwa chini hubeba ombi, hulipitisha mtandaoni, na kurudi na jibu.

Wazo hili lilikwisha kujadiliwa katikati ya miaka ya 1970 na watu waliokuwa wakiunganisha kompyuta za vyuo na taasisi za utafiti huko Marekani. Mwaka 1981 Bruce Jay Nelson aliliandikia tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Kisha mwaka 1984 yeye na Andrew Birrell, wakiwa katika maabara za kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, walichapisha makala yaliyoeleza jinsi walivyoijenga mbinu hiyo ikafanya kazi kweli. Mwaka 1994 wawili hao walitunukiwa tuzo ya chama cha wanakompyuta cha ACM kwa kazi hiyo.

Haikubaki maabara. Kampuni ya Sun Microsystems iliunda RPC yake, na juu yake ikajenga NFS, mfumo uliowezesha kompyuta kusoma faili zilizo katika kompyuta nyingine kana kwamba ni zake. Mfumo huo ulitoka mwaka 1985. Miaka 30 baadaye, mwaka 2015, Google ilitoa kwa umma RPC iitwayo gRPC, ambayo mashirika mengi huitumia mashine zao zinapoagizana kazi. Kwa hivyo kijana anayejifunza mbinu hii hajifunzi kitu cha makavazi.

MAKARANI WAWILI

"Lakini waya haubebi majina," nilimkatiza. "Unabeba nini?"

Aliniambia kuna makarani wawili ambao mwandishi hahitaji kuwaona. Kwa lugha ya mafundi wanaitwa stabu. Karani wa kwanza hukaa katika kompyuta inayoagiza. Ukiita "weka mchango", unayemwita hasa ni yeye. Hulichukua jina la kazi, nambari ya mwanachama na kiasi cha pesa, huvifunga katika kifurushi kimoja na kukituma. Karani wa pili hukaa katika kompyuta inayoagizwa, ambayo huitwa seva. Hukifungua kifurushi, huiita prosija yenyewe, huchukua jibu, hulifunga na kulirudisha. Birrell na Nelson hawakutaka mwandishi ajichoshe kuwaandika makarani hao kwa mkono. Walikuwa na programu iliyoitwa Lupine iliyowatunga yenyewe.

Kufunga na kufungua huko si mchezo. Namba katika kompyuta huhifadhiwa kwa baiti, na namba ya kawaida huchukua baiti 4. Kompyuta nyingine huanza kuandika baiti kubwa, nyingine huanza na ndogo. Ni kama watu wawili, mmoja anasoma kutoka kushoto kwenda kulia kama sisi, mwingine kutoka kulia kwenda kushoto kama wasomao Kiarabu. Wote wawili ni wasomi, ila wakipeana karatasi bila kuelewana, kuna balaa.

Mpwa wangu alichukua kalamu akanionyesha. Shilingi 500 zikiandikwa kwa mpangilio mmoja na kusomwa kwa mpangilio wa pili, bila kuhesabu namba hasi, zinakuwa shilingi 4,093,706,240. Mama aliyetoa noti moja angeandikiwa zaidi ya bilioni nne!

Dawa yake ni mapatano. Sun walitangaza kanuni iitwayo XDR, iliyochapishwa kwa umma mwaka 1987, inayosema kila namba isafiri ikiwa na baiti kubwa mbele, katika mafungu ya baiti 4, hata kama kompyuta zote mbili huandika vingine nyumbani kwao. Mpwa wangu yeye alitumia XML-RPC, iliyobuniwa mwaka 1998, ambayo huziandika namba kama maandishi ya kawaida. Maandishi hayo hujaza nafasi zaidi, lakini mwanafunzi anaweza kuyasoma kwa macho yake na kuona kosa liko wapi.

Kisha kuna suala la anwani. Utaijuaje seva yenye kazi unayoitaka? Katika maabara ya Xerox kulikuwa na orodha kuu iliyoitwa Grapevine ambamo seva zilijiandikisha kwa majina. Katika mfumo wa Sun kuna bawabu anayekaa mlango nambari 111 wa kila seva. Ukifika unamwuliza kazi fulani iko mlango upi, naye anakuelekeza. Mpwa wangu, kwa kuwa alikuwa na kompyuta mbili tu, aliandika anwani na mlango kwa mkono.

NJIA YA MWANAFUNZI

Wasomaji wengi wa kurasa hizi ni wanafunzi, na huenda wapo wanaotaka kujaribu. Hizi hapa hatua alizozifuata mpwa wangu, na ambazo nilizinakili katika daftari langu.

Kwanza, andika kazi yako kama programu moja katika kompyuta moja, bila mtandao wowote. Ihakikishe. Ikiwa hesabu imepotoka hapo, mtandao hautainyoosha.

Pili, igawe mara mbili, seva na mwagizaji, lakini zote ziendeshe katika kompyuta ileile. Lugha ya Python ni ya bure na huja na zana za XML-RPC ndani yake, kwa hivyo huna haja ya kununua chochote. Seva ndogo haizidi mistari 10 hivi. Unaandika prosija yako, unaisajili, unataja mlango, na unaiacha isubiri.

Tatu, tenganisha kompyuta. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na mpwa wangu alikwama siku mbili. Seva yake ilikuwa imeambiwa isikilize anwani 127.0.0.1, ambayo kwa kila kompyuta maana yake ni "mimi mwenyewe". Ilikuwa kama mtu aliyejifungia chumbani na kujisemesha, akishangaa kwa nini wageni hawabishi. Alipoipa anwani ya waya, 192.168.1.10, na kuiruhusu programu ya ulinzi ifungue mlango ule mmoja, laptopu ikajibiwa.

Nne, haribu makusudi. Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

WAYA ULIPOCHOMOLEWA

"Mjomba, kaa hapa kando ya kabati," aliniagiza. "Nikisema sasa, chomoa waya."

Alikuwa ameipangia seva iandike mchango kwanza, kisha ingoje sekunde 3 kabla ya kujibu, ili nipate nafasi. Laptopu nayo aliiambia hivi: usipopata jibu kwa sekunde 5, omba tena. Lilikuwa agizo la busara, nikaona. Mtu akikuita usisikie, si hukuita tena?

Akaandika mwanachama nambari 7, shilingi 500. Kwenye kioo cha kompyuta ya mezani nikaona: imeandikwa. "Sasa!" Nikachomoa.

Laptopu ikangoja. Kimya. Ikajaribu tena, ikashindwa. Aliponipa ishara nikaurudisha waya, na baada ya muda mfupi laptopu ikaandika kwa furaha: mchango umepokelewa. Nami nikafurahi, hadi tulipofungua daftari. Mwanachama nambari 7 alikuwa ameandikiwa shilingi 500 mara mbili.

Dada yangu alikuwa jikoni mlangoni na ungo wa mchele mkononi. Aliyaona yote. Hakusema neno, na kimya chake kilikuwa kizito kuliko tusi. Shilingi 500 zilizoandikwa na ambazo hazimo mkobani! Alizijua vizuri pesa za aina hiyo.

Tafakari kilichotokea, msomaji. Laptopu ilipokosa jibu, kulikuwa na mambo kadhaa yanayowezekana. Huenda ombi lilipotea njiani. Huenda lilifika lakini seva ikazimika kabla ya kulitimiza. Huenda kazi ilifanywa na jibu ndilo lililopotea. Huenda pia seva ilikuwa hai, ila ina mzigo mwingi na inajikokota. Kwa anayengoja, yote hayo yana sura moja tu, nayo ni kimya. Ndani ya kompyuta moja shida hii haipo kwa kawaida, kwa sababu kompyuta ikifa, anayeita na anayeitwa hufa pamoja. Katika mtandao mmoja hufa na mwingine akabaki akijiuliza.

Anayengoja ana njia mbili. Akirudia ombi, kazi itafanywa walau mara moja, lakini huenda ikafanywa mara mbili. Asiporudia, haitazidi mara moja, lakini huenda isifanywe kabisa. Ni sawa na aliyetuma pesa kwa simu asione ujumbe wa kuthibitisha. Atume tena, au asubiri? Wengi wetu tumewahi kusimama dukani na swali hilo huku mwenye duka akitukodolea macho.

Kuna kazi zisizodhurika kwa kurudiwa. Ukiuliza salio mara kumi, salio halibadiliki. NFS ya Sun ilitegemea sana hilo. Ombi lake husema "nisomee baiti hizi kuanzia mahali hapa katika faili hii", na ukilirudia unapata yaleyale. Lakini hata huko kulikuwa na mitego. Ukiagiza faili ifutwe, ikafutwa, jibu likapotea na ukarudia, utaambiwa hakuna faili kama hiyo. Kazi imefanikiwa, lakini wewe unapewa habari ya kushindwa. Nayo kazi ya "ongeza 500" ni mbaya zaidi, kwani kila inaporudiwa hutenda upya.

KITABU CHA MAMA

Mpwa wangu alishika kichwa. Alianza kufikiria kupunguza muda wa kungoja, kisha kuuongeza. Akifanya hivi mwanya unabadilika ukubwa tu, hauzibiki.

Dada yangu aliweka ungo chini. Alienda chumbani akarudi na kitabu cha stakabadhi, kile chenye karatasi ya kaboni, akakiweka mezani mbele ya laptopu.

"Mtu akinijia na kusema sikumwandikia," alisema, "simwulizi alitoa ngapi. Wote hutoa mia tano. Namwuliza nambari ya stakabadhi. Nikiikuta kitabuni, namwambia, ulishaandikwa, nenda zako. Nisipoikuta, naandika."

Binti yake alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuandika, na vidole vyake havikupumzika kwa nusu saa.

Aliibadilisha laptopu ili kila mchango upewe nambari yake ya pekee kabla haujatumwa, na nambari hiyo iwekwe kwenye diski ya laptopu. Ombi likirudiwa, lirudiwe na nambari ileile. Seva ikipokea ombi huitafuta nambari kwanza. Ikiikuta, haiandiki tena. Inarudisha jibu lile la awali. Tukauchomoa waya, tukaurudisha. Shilingi 500 zilikuwa 500. Tukarudia mara tano, mara nyingine nikichomoa mapema, mara nyingine nikichelewa. Hesabu haikuyumba.

"Na stima ikipotea?" aliuliza dada yangu, ambaye sasa alikuwa amevuta kiti.

Swali hilo lilifichua tundu jingine. Mpwa wangu alikuwa akizihifadhi nambari katika kumbukumbu ya muda ya seva. Umeme ukikatika, michango ingebaki kwenye diski, lakini nambari zingefutika, na ombi la zamani likirudi lingeonekana jipya. Ikabidi nambari iandikwe daftarini katika mstari mmoja na pesa, kwa mpigo mmoja. Ama viandikwe vyote, ama kisiandikwe hata kimoja.

Nilipofika nyumbani nilitafuta makala yale ya mwaka 1984, nikakuta Birrell na Nelson nao walipitia njia hiyo. Kila ombi lao lilibeba kitambulisho chenye sehemu tatu: kompyuta iliyotuma, shughuli iliyotuma ndani ya kompyuta hiyo, na nambari inayopanda kila ombi jipya. Seva iliweka jedwali la nambari za mwisho ilizoziona, na ombi lililokwisha kufika lilipojirudia lilitambuliwa. Dada yangu hajasoma hata ukurasa mmoja wa sayansi ya kompyuta. Alifundishwa na shilingi 1,000 zilizomtoka.

UMBALI HAUFICHIKI

Liko jambo jingine ambalo mwanafunzi hulisahau anapoona kazi ya mbali ikiitwa kwa urahisi kama ya karibu. Ni muda. Katika majaribio ya Xerox, kuita prosija tupu ndani ya kompyuta moja kulichukua takriban sehemu 9 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Kuiita prosija hiyohiyo katika kompyuta ya pili, kwenye mtandao wa megabiti 3 kwa sekunde, kulichukua takriban sehemu 1,100. Hiyo ni zaidi ya mara 100.

Mashine za leo zina kasi zaidi, lakini umbali haujapungua. Kabla nyaya za chini ya bahari hazijafika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano mengi ya intaneti kati ya Kenya na ng'ambo yalipitia setilaiti. Setilaiti za aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi hupanda na kushuka, jibu hupanda na kushuka, jumla kilomita 144,000. Hata kwa kasi ya mwangaza, safari hiyo huchukua karibu nusu sekunde. Programu inayouliza salio la wanachama 24 mmoja baada ya mwingine ingetumia sekunde 12 ikingoja tu. Ikiuliza yote kwa ombi moja, nusu sekunde. Ndiyo maana mafundi hushauri kwamba ukitumwa mbali, uende na orodha nzima.

Mwaka 1994 Jim Waldo na wenzake watatu wa Sun waliandika waziwazi kuwa ni kosa kujidai kwamba kazi ya mbali ni sawa na ya karibu. Karibu na wakati huohuo Peter Deutsch, naye wa Sun, alikusanya orodha ya mambo ambayo waandishi wa programu za mtandao huyaamini kimakosa. La kwanza katika orodha ni imani kwamba mtandao hautegi.

Na kuna usalama. Seva ikifungua mlango, yeyote aliye katika mtandao huo anaweza kubisha. Watunzaji wa Python wenyewe wameonya kwamba zana zao za XML-RPC hazijakingwa dhidi ya data iliyotungwa kwa nia mbaya. Kwa hivyo kijana, jifunze kwa waya wako nyumbani, kwa pesa za kubuni. Usiifungulie seva ya mazoezi mlango wa intaneti, na usiikabidhi akiba ya watu.

NENO KWA WAZAZI

Mzazi, ukimkuta mwanao ametandaza waya sebuleni, usimfukuze. Mwulize maswali, hata kama hujui kompyuta. Stima ikipotea itakuwaje? Mtu akirudia je? Pesa zikiandikwa na hazipo, nani atalipa? Maswali ya aliyewahi kuumia kwa hesabu ni mtihani mzuri wa programu yoyote.

Nawe mwanafunzi, usidharau daftari la mama. Watu waliokuwa wakitunza mali ya wenzao kwa kalamu na kaboni walikwisha kukutana na matatizo yako, nao walikuwa na dawa zao.

Mpwa wangu aliionyesha kazi yake siku aliyopangiwa. Aliniambia mwalimu mmoja aliuchomoa waya bila kumwonya, na yeye akakaa kimya akimwangalia. Ninapoandika haya matokeo bado. Chama hakijaanza kuitumia programu hiyo. Dada yangu amesema kwanza ataiendesha sambamba na kitabu chake kwa miezi sita, na iwapo vitatofautiana hata kwa shilingi moja, kitabu ndicho kitakachoaminiwa.

Binti yake hakubisha. Nilipoaga usiku ule niliwaacha mezani, kitabu cha stakabadhi kikiwa wazi kati yao, mmoja akisoma nambari na mwingine akizipiga kwenye laptopu. Nikauruka waya, nikaenda zangu.